Kisu cha Mchinjaji na Panya wa Tabibu

Ndugu mmoja mchinjaji wa mbuzi wa Kiamaiko, Nairobi, alituuliza suali baada ya darsa. Mpwa wake alikuwa akitibiwa uvimbe wa taya uliokwisha kulisukuma jicho, naye alisikia kwamba dawa za maradhi hayo hujaribiwa kwanza kwa panya, ambao hutiwa maradhi kwa makusudi. Akasema: "Sheikh, mimi nachinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mbuzi hufa mara moja. Hawa wamtiao mnyama mzima maradhi, wana haki gani?"

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Aina yake moja twaijua sana Afrika ya Mashariki. Aliyeieleza, mwaka 1958, ni Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto waliovimba taya. Huweza kufika tundu la jicho na utando wa ubongo. Ziko na limfoma nyingine zianziazo ndani ya ubongo au ndani ya jicho lenyewe. Huko hapana awezaye kumkata mgonjwa kila juma ili aone dawa imefanya nini. Kwa hivyo wataalamu huzitia chembe za saratani katika ubongo au jicho la panya, wakatazama.

Faida yake haikatalikani. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, dawa ya jamii ya gesi ya haradali ilijaribiwa kwa panya mwenye limfoma. Uvimbe ukanywea, ndipo akapewa binadamu. Katika ukoo wa dawa hiyo imetoka saiklofosfamidi, iliyowaponya watoto wa Uganda na Kenya. Na mwaka 2015 panya walioambukizwa malaria waliwaonyesha wataalamu namna malaria inavyoifungulia njia saratani hii.

Wako wasemao: panya ni mharibifu, imeruhusiwa kumuua hata katika Haram, basi hana heshima. Hoja hii ni mbovu. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (s.a.w.) aliyeruhusu hayo ndiye aliyeamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, akakataza chenye roho kufanywa shabaha, na akatupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila ya chakula.

Wengine husema ni haramu kabisa. Hao nasi twawauliza: mtoto wenu akiugua, mtaikataa dawa iliyopatikana kwa njia hiyo? Asiyeikataa asijifanye mikono yake ni safi kuliko ya tabibu.

Sisi twaona mchinjaji wetu amesema kweli: mbuzi hufa kwa dakika, na panya huweza kuumwa siku nyingi. Maumivu hayo ni kitu, wala hayafutwi kwa kusema ni panya tu. Yanaruhusiwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Pakiwapo njia nyingine ya kupata elimu hiyo, panya aachwe. Panya kumi wakitosha, asitiwe wa kumi na moja. Apewe dawa ya ganzi, na mateso yakizidi auawe upesi. Wataalamu wawili wa Uingereza, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 maneno ya maana hii hii, na sheria ya Kenya nayo yamtaka mwenye kujaribu wanyama awe na leseni.

Limebakia neno moja, nalo latuhusu sisi, si tabibu. Mtu akimchinja mbuzi kisha akaiacha nyama ioze, hata kama kisu kilinolewa vizuri, ameidhulumu roho ile. Basi ikiwa viumbe wamekufa ili dawa ipatikane, nasi tukamweka mtoto nyumbani kwa hirizi mpaka jicho limeharibika, au tukamwacha jirani akose nauli ya kumpeleka hospitali, nani aliyewadhulumu panya wale? Uvimbe wa taya ya mtoto usingojewe. Apelekwe siku unapoonekana, na mwenye uwezo amsaidie asiye nacho.

Wallahu a'lam.