Kengele Ikinyamaza



Kijana mmoja alisoma shule ya sekondari, naye alilala hukohuko shuleni. Asubuhi kengele ililia. Akaamka, akaoga, akafagia chumba. Alikula bugali na maharagi kwa saa yake. Jioni alicheza mpira. Usiku alilala ndani ya chandarua, maana msimamizi alipita na taa kutazama. Kisha akashinda Mtihani wa Serikali, akapata diploma, akaenda mjini kutafuta kazi. Huko hakuna kengele wala msimamizi. Baada ya mwaka mmoja, tazama: halali mpaka usiku wa manane, chandarua amekifanya pazia la mlango, sigara haimtoki mkononi, na kila jioni anakunywa lotoko pamoja na wenzake. Mama yake akimwonya, hujibu: «Mama, nimekwisha kuwa mtu mzima. Mwili ni wangu.»

Vijana wa namna hii si wachache. Basi tujiulize maswali mawili. Kwanza: ile tabia njema ya shuleni, ilikuwa yake kweli? Pili: mtu anayeuharibu mwili wake mwenyewe, je, anamkosea mtu?

Kwa swali la kwanza, wengine husema: «Alikuwa mnafiki tu, alitii kwa hofu.» Tusiharakishe kuhukumu. Aristotele, mwenye hekima wa Wagiriki, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba mtu hupata wema kwa kutenda wema mara nyingi, kama vile mwashi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Mtazameni basi mwashi anapojenga tao la matofali juu ya mlango. Kwanza huweka mbao za kulishika. Saruji ikikauka, huziondoa, na tao husimama lenyewe. Mbao hazikuwa uongo, zilikuwa msaada. Lakini zikiondolewa kabla saruji haijashika, tao huanguka.

Je, saruji ya tabia ni nini? Ni kuijua sababu na kuikubali moyoni. Kijana wetu alijua saa ya kushusha chandarua, lakini hakutia moyoni kwa nini: mbu jike aitwaye anofeli, anayeuma hasa usiku, ndiye mwenye kuleta malaria, na Congo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria.

Sasa swali la pili. «Mwili ni wangu.» Ndiyo, si wa jirani. Lakini ni nani aliyeulisha? Mama alibeba mihogo mgongoni mpaka sokoni, apate fedha za shule. Wadogo zake wanamtazama ili wamfuate. Akilazwa hospitalini, ni nani atakayeuza mbuzi kulipia dawa? Basi anawakosea watu, tena walio karibu naye kuliko wote.

Tena husema yu huru. Tuchunguze. Ndani ya tumbako mna sumu iitwayo nikotini. Ikipungua mwilini, mvutaji huhangaika mpaka awashe sigara nyingine. Ameikimbia kengele ya shule, akatundika nyingine ndani yake mwenyewe, wala hiyo hailii kwa faida yake. Na pombe je? Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mtu huru ni yule awezaye kujiambia «Amka», naye akaamka.

Labda mtu atasema: «Afya ni mali ya matajiri.» Neno hili lina ukweli wake. Kijana asiye na kazi akikosa chakula, kosa si lake, tusimlaumu, tumgawie. Lakini kunawa mikono kwa sabuni au kwa majivu, kulala mapema na kutembea kwa miguu hakudai fedha nyingi. Shirika lile lile lashauri mtu mzima autumikishe mwili wake dakika 150 kwa juma. Alimaye shamba amekwisha kuzipita. Wala asingoje maumivu, maana damu yenye shindo kubwa huweza kuharibu moyo na figo miaka mingi bila mtu kusikia lolote.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, mnapopiga kengele semeni pia sababu yake. Nanyi wakatekumeni, mnaoitwa na kengele ya katekista, jueni kwamba haitawafuata kila mahali. Mambo mema mnayotenda leo kwa kuamriwa, anzeni leo hii kuyatenda kwa kupenda. Siku mbao zitakapoondolewa, tao lisimame.