Mali ya Watu Wawili

Kumiliki kitu peke yako ni jambo jepesi. Mwenye kitu hutaka akatenda, huchoka akauza, na akikosea hasara ni yake. Kumiliki kitu pamoja na mwingine ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa hapo kila tendo lina macho manne ya kulitazama na mioyo miwili ya kuliridhia. Watu hudhani kuwa ugomvi wa washirika huzuka kwa sababu ya hila au uvivu. Mara nyingi ndivyo. Lakini uko ugomvi mwingine, mgumu zaidi kuamua, nao huzuka mshirika mmoja anapotaka kukifanya kitu cha wote kiwe bora. Je, anayeongeza uzuri katika mali ya shirika humtendea mwenziwe wema au ubaya? Swali hili ndilo nitakalo kulichungua, na mfano wangu ni motokaa.

Mwaka 1957 mhandisi Mwingereza, Colin Chapman, alitoa motokaa ndogo iitwayo Lotus Seven. Ilikuwa na viti viwili, fremu ya mabomba ya chuma, mabati mepesi ya alumini, na machache zaidi ya hayo. Mtu aliweza kuinunua vipande vipande akaiunga mwenyewe nyumbani, na kwa njia hiyo akaepukana na kodi iliyotozwa Uingereza siku hizo juu ya motokaa zilizokamilika. Mwaka 1973 haki ya kuiunda ilipita kwa kampuni ya Caterham, ambayo imeendelea kuiunda kwa miaka mingi. Moja katika hizo, Seven 170, ina injini ya sentimita 660 za ujazo na nguvu za farasi 84 tu. Ni nguvu haba; lakini uzito wake ni kilo 440 hivi, hali motokaa ya kawaida ya jamaa aghalabu hupita kilo 1,200. Mwepesi hahitaji nguvu nyingi ili akimbie.

Wenye motokaa hizi huzipeleka katika viwanja vya mbio kama Silverstone na Brands Hatch, siku ambazo hakuna mashindano. Hulipa ada, wakaendesha kwa kasi mbali na wapita njia. Hakuna mshindi wala zawadi; na kwa desturi ya siku hizo, dereva hana ruhusa ya kumpita mwenziwe mpaka yule wa mbele ametoa ishara kwamba amekubali kupitwa. Msomaji na aikumbuke desturi hiyo, maana itatufaa hapo mbele.

Starehe hii ni ghali, na motokaa yenyewe hutumika siku chache tu za mwaka. Siku nyingine zote hulala bandani. Kwa hiyo si ajabu marafiki wawili wakanunua moja kwa shirika: bei nusu kwa nusu, bima nusu kwa nusu, mipira nusu kwa nusu. Shauri hilo ni la busara. Kitu kimoja kinachowafaa wawili ni akiba, na furaha inayosimuliwa na wawili hudumu kuliko furaha ya mmoja.

Tuseme basi washirika wetu wamekaa hivyo mwaka mmoja au miwili. Wa kwanza amepata cheo, na mapato yake yamezidi. Wa pili yu pale pale alipokuwa. Wa kwanza asema, "Injini hii ni dhaifu. Nitanunua kubwa, na gharama yote ni yangu. Wewe hutatoa hata senti, na nusu ya faida itakuwa yako." Kwa masikio ya mtu asiyehusika, maneno haya ni ya ukarimu mtupu. Mwenziwe akisitasita, ataitwa mwenye kijicho. Kwani nani akataaye zawadi?

Walakini zawadi hii haiji peke yake. Injini ikizidi nguvu, mwendo huzidi. Na mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki zapaswa kuimeza huzidi mara nne. Basi breki nazo zitataka kubadilishwa. Mipira itakwisha upesi. Kipoza maji hakitatosha, gia zitalemewa, na bima itapanda. Kila mwaka ankara zitakuja, nazo zitagawanywa katikati kama ilivyoandikwa katika mapatano ya kwanza. Yule wa pili aliweza nusu ya kitu kidogo. Nusu ya kitu kikubwa haiwezi. Amepewa injini bure, na pamoja nayo amepewa deni lisilokwisha. Hatimaye atauza fungu lake na kwenda zake kimya kimya. Hakuna aliyemfukuza. Kilichomfukuza ni uzuri.

Jambo hili si la motokaa peke yake. Mtaa hupambwa, kodi za nyumba zikapanda, na wale waliovumilia vumbi lake wakahama kabla ya kufaidi lami. Chama cha akiba cha wanyonge humpata mwanachama tajiri, michango ikaongezwa kwa nia njema, na wanyonge wakajitoa. Katika hali zote hizo kitu kimekuwa bora, na watu ambao kitu kiliundwa kwa ajili yao hawamo tena. Ndipo twapaswa kuuliza: bora kwa nani?

Wanasheria wa kale walijua kwamba kuongeza kitu juu ya kitu huleta mashaka. Katika sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6, uzi wa zambarau uliofumwa katika vazi hufuata vazi, hata kama uzi una thamani kuliko vazi lenyewe. Kwa kanuni hiyo, mshirika anayefunga injini mpya katika motokaa ya wawili hana budi kujua kwamba amefuma uzi wake katika nguo ya watu. Hawezi baadaye kusema kuwa nguo nzima ni yake kwa sababu uzi ulikuwa wa thamani.

Wanafalsafa nao walikuwa na swali lao. Plutarch ameeleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka watu wakabishana kama ni merikebu ile ile au nyingine. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza ugumu: kama mtu angaliziokota mbao zote za zamani na kuziunga tena, ipi kati ya hizo mbili ingekuwa merikebu ya kwanza? Washirika wetu wanaweza kuulizana vivyo hivyo, injini ikishabadilika, na viti, na springi, na magurudumu. Kwa maoni yangu, jibu kwao halimo katika vyuma. Mali ya shirika haikuanza na vyuma. Ilianza na ahadi. Maadamu inatumika kwa kusudi lile ambalo wawili walikubaliana, ni ile ile, hata kama kila msumari ni mpya. Kusudi likigeuzwa na mmoja, ni nyingine, hata kama hakuna kilichoguswa ila injini.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Ikiwa kila mshirika ana neno la kukataa, yule asiyetaka kitu chochote ndiye mtawala. Hatoi, hatengenezi, na kwa kunyamaza kwake motokaa hula kutu. Aristotle alikwisha kuonya kwamba kitu cha watu wengi ndicho kipatacho uangalizi mdogo kabisa. Ukaidi pia ni namna ya kunyang'anya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1925 inawapa wenye nusu au zaidi ya mali kama hii njia ya kuomba mahakama iamuru igawanywe. Lakini nani anataka nusu ya motokaa? Mambo yakifika huko, kitakachogawanywa ni fedha, na urafiki utakuwa umekwisha kugawanyika zamani.

Basi iko njia ya katikati? Iko, na si lazima tuibuni upya. Mwanachuoni Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu na mifereji inayotumiwa kwa ushirika katika nchi nyingi, akaona kuwa watu huweza kutunza mali yao kwa karne nyingi pale ambapo watumiaji wenyewe hutunga kanuni, na pale ambapo mzigo wa kila mtu hulingana na faida yake. Wawili na motokaa yao ni kijiji kidogo. Wao nao na waseme mapema, kabla parafujo haijakazwa. Breki zilizochakaa zibadilishwe bila ya kura, maana uhai haupigiwi kura. Mambo ya mwendo na fahari yataka ridhaa ya wote. Anayetoa zaidi aseme kama anatoa zawadi au anaazima, na kitu kilichoondolewa kihifadhiwe ili kiweze kurudishwa. Anayeivunja uwanjani aitengeneze, kwa kuwa bima ya kawaida ya barabarani aghalabu haifuati motokaa hadi huko. Na yote yaandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini kanuni hazitoshi bila moyo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwenye nacho huona unyemi kabla ya kidonda. Chapman alishika imani kwamba kupunguza uzito ni bora kuliko kuongeza nguvu, kwa kuwa nguvu humsaidia dereva katika njia iliyonyoka, lakini wepesi humsaidia kila mahali: anapoondoka, anapopinda na anaposimama. Mshirika tajiri angeweza kujifunza hapo. Kabla ya kuuliza aongeze nini, na aulize anaweza kuondoa nini: zulia lisilo na kazi, kiti kizito, hofu ya mwenziwe juu ya ankara ya mwezi ujao.

Jibu langu basi ni hili. Kuboresha mali ya wawili ni wema, ila kwa sharti moja ambalo fedha haiwezi kulinunua, nalo ni ridhaa ya yule mwingine, iliyotolewa bila ya kuona haya. Mwenye motokaa ya kasi huweza kumpita mwenye motokaa ya polepole wakati wowote. Mashine yake yaruhusu. Hata hivyo hungoja nyuma mpaka aone mkono wa mwenziwe umeinuliwa. Huko kungoja ndiko kunakofanya uwanja uwe wa watu wote.