Mitumbwi Miwili: Tujuane Mbele ya Siku ya Shida

Masomo: Luka 5:1-11, Matendo ya Mitume 9:26-28 na 18:1-4, Waroma 16:1-4



Kuna neno tunalosikia sana kwa vijana wa parokia zetu hapa Lubumbashi. Kijana amemaliza masomo, yuko na diploma, amepeleka maombi ya kazi pahali pengi, hakuna jibu. Akiulizwa sababu anasema: «Sina mtu.» Maana yake hana mkubwa wa kumwombea, hana mjomba ofisini, hana pesa ya kutia ndani ya bahasha. Neno hili linatuumiza, sababu linasemwa ndani ya Kanisa lililojaa watu. Tulitazame kwa nuru ya Maandiko.

Petro alikesha usiku kucha bila kupata samaki. Kwa neno la Yesu alishusha nyavu, na samaki wakaingia wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Hapo aliwapungia mkono wenzake wa mtumbwi wa pili. Hakuanza siku ile kutafuta nani atamsaidia. Luka anasema kwamba Yakobo na Yohana walikuwa washirika wake. Walikuwa wamezoeana, usiku wa samaki na usiku wa mikono mitupu, ndiyo sababu ishara ya mkono ilitosha. Na mwishowe mitumbwi yote miwili ilijaa. Wavuvi wa Kasenga wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: asiye na mwenzake majini, hata baraka ikija inaweza kumpasulia nyavu.

Tumtazame na Paulo. Alifika Korinto akiwa mgeni. Alimkuta Akila na mkewe Prisila, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Hao hawakuwa wakubwa. Walikuwa watu wa kuhamahama, mafundi wa kushona hema kama yeye. Paulo akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Miaka ikapita, naye anawaandikia Waroma kwamba watu hao walitoa shingo zao kwa ajili ya uhai wake. Urafiki huo haukuanza kwa zawadi kwa wakubwa. Ulianza kwa sindano na ngozi, kila mmoja akiona namna mwenzake anavyofanya kazi.

Wandugu, Kanisa letu lenyewe ni ushuhuda wa neno hili. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule alikamatwa, akaletwa mbali na kwao, hapa hapa katika mji wetu ulioitwa Elisabethville, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Waamini walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika majimbo mengine. Serikali ya wakoloni ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959 tu. Miaka 38 hiyo, watu walishikana namna gani? Hawakuwa na hati wala ofisi. Mama Marie Muilu na waamini walijuana kwa majina na kwa nyumba. Kila mmoja alijua ni mlango gani anaweza kuupiga usiku. Ujuano wa uongo haungeweza kuvumilia hata mwaka mmoja, sababu msaliti mmoja angetosha kuwapeleka wote kifungoni.

Sasa tufikiri juu ya maisha ya Katanga. Miaka mingi Gécamines ilimpa mfanyakazi mshahara, posho, nyumba, shule na hospitali. Vyote vilipitia mlango mmoja. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka katika ule mpango ulioitwa wa kutoka kwa hiari. Katika mitaa yetu tuliona baba aliyefanya kazi miaka 25 akitambua kwamba anajua namba yake ya kazi, lakini hajui jirani yake anafanya nini. Tuliona pia wale waliolima shamba pamoja na wengine, waliomfundisha kijana wa jirani kulehemu, wakipata pa kuanzia. Mkubwa mmoja akiondolewa, aliyemtegemea yeye peke yake anaanguka naye.

Wengine wanasema: Mkimbangu hawezi kupata watu, sababu hanywi pombe, na kazi zinagawanywa kwenye meza ya bia. Tunajibu: aliyekujua kwa chupa atakusahau chupa ikiisha. Upendo, Amri na Kazi, mambo matatu tunayofundishwa, yanatosha kumfanya mtu ajulikane. Mwashi asiyelewa siku ya mshahara, asiyeiba simenti, anayefika saa aliyosema, jina lake linatembea hata pale ambapo yeye hajafika.

Lakini tuwe waangalifu. Barnaba alipomshika Sauli mkono mbele ya mitume, alisema yale aliyoyajua: namna Sauli alivyomwona Bwana, na alivyohubiri Dameski. Hakumtetea mtu asiyemjua. Ukimsemea mvivu kwa sababu anaimba vizuri katika kwaya, unafunga mlango kwa kijana mwaminifu atakayekuja nyuma yake.

Basi tufanye nini? Tunakaa benchi moja miaka kumi, tunapiga fanfare pamoja, tunatoa nsinsani pamoja. Kila mmoja amuulize jirani yake: unafanya kazi gani, na shida yako ni nini? Wazee wa parokia waandike daftari moja la kazi za waamini: seremala, fundi wa umeme, mwuguzi, mama mwuza unga, mwalimu. Kila fundi achukue kijana mmoja amfundishe. Tuwatembelee wagonjwa na wafiwa, hata wa makabila mengine na makanisa mengine, sababu Samaria ilikuwa mbali na Yerusalemu, lakini msaada ulitoka huko.

Na tukumbuke likelemba. Inasimama kwa sababu aliyekula wa kwanza anaendelea kutoa mpaka wa mwisho ale. Aliyekwisha kupata kazi asikimbie kundi. Hapo ndipo mtu wa kweli anajulikana.

Kijana mpenzi, usiseme tena «Sina mtu.» Inuka leo, uwe mtu kwa mwingine. Petro alipungia mkono mtumbwi uliokuwa karibu. Nasi tuwe karibu, ili siku ndugu atakapopunga mkono tumwone.

Bwana awabariki. Amina.