Mmeleta Nini Kutoka Mlimani?

Liko swali tuliloulizwa chini ya mlima Hanang, nasi hatukuweza kulijibu. Tulirudi nalo nyumbani, tukalala nalo na kuamka nalo. Leo twaliweka mbele yenu, kwa kuwa twaona si swali letu peke yetu.

Ilikuwa jioni, wakati wa kiangazi cha mwaka 2024. Tulikuwa tumeteremka kutoka kileleni pamoja na vijana wachache na mwongoza njia wetu, tumechoka hata magoti yakitetemeka. Kando ya njia iingiayo Katesh alikuwa ameketi mzee mmoja na fimbo yake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?" Tukamwambia kwamba twatoka juu kabisa. Akaitazama mikono yetu, kisha akaitazama migongo yetu, akauliza kwa upole, "Mmeleta nini?"

Hakusema kwa dhihaka. Tangu zamani mtu wa nchi ile akienda mlimani hurudi na kitu: mzigo wa kuni, au asali, au majani ya ng'ombe, au mizizi ya dawa. Sisi tulirudi na chupa tupu za maji. Vijana wakacheka kidogo, nasi tukajibu, "Tulikwenda kutazama tu, mzee." Naye akanyamaza.

Kwa wale wasioujua mlima huo, yafaa tuseme maneno machache. Hanang ni mlima wa volkano iliyozimika zamani. Wasimama peke yake katika uwanda, kusini ya nchi ya juu ya Mbulu, na kilele chake chapita mita 3,400 juu ya bahari. Atokaye Katesh alfajiri hana budi kupanda zaidi ya mita 1,500 kabla hajafika. Hupita kwanza katika msitu, kisha katika vichaka na nyasi, kisha juu ya mgongo mrefu wa mawe umdanganyao mpandaji. Maana kila akidhani amefika, aona kilele kingine mbele yake. Na akifika kwa kweli, nchi yote i chini ya miguu yake: upande huu ziwa Balangida, jeupe kwa magadi wakati wa kiangazi, upande ule nyanda za Basotu, na kwa mbali vilima vya Wairaqw, kijani juu ya kijani. Hatuoni haya kusema kwamba tulifurahi sana.

Basi, je, furaha hiyo ina haki? Mtu mzima aacha kazi, ajichosha mchana kutwa, arudi mikono mitupu. Je, ni jambo jema, au ni upuuzi wa watu walioshiba?

Wako watakaojibu upesi kwamba kupanda mlima kwaleta afya. Ni kweli, lakini jibu hili halimtoshi mzee wetu. Yeye amelima kwa jembe maisha yake yote, wala hakuhitaji kilele ili apate nguvu za miguu. Wengine watasema kwamba wageni wapandao huleta fedha, na mwongoza njia hupata riziki yake. Hilo nalo ni kweli, na ujira wa haki ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kama faida yote ni ile fedha, basi ingetosha kumpa mtu fedha na kubaki nyumbani.

Wako pia wale wasemao kwamba mtu hupanda ili aushinde mlima. Neno hili tungeomba lisitumike tena, hasa mbele ya watu wa Hanang. Asubuhi na mapema tarehe 3 Desemba 2023, ambayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa njia ya mkondo mpaka Katesh na vijiji vya jirani, vikapita juu ya nyumba ambamo watu walikuwa wangali wamelala. Walikufa watu zaidi ya 80. Nani atasimama mahali pale na kusema kwamba ameushinda mlima? Sisi tulipita tu, siku ambayo mlima ulituachia tupite.

Hata hivyo mikono mitupu si hoja ya kutosha kutuhukumu. Wadatoga, na hasa Wabarabaig, ambao kwao mlima huu ni mtakatifu tangu vizazi vingi, hawaupimi kwa vitu vinavyobebwa mgongoni. Wao hawakungoja wageni wawafundishe kwamba mtu aweza kuuendea mlima pasipo kikapu, akarudi na kitu. Kumbe ziko faida zisizotiwa katika gunia.

Na jambo hili halikuanza kwetu wala halikuishia kwetu. Tarehe 26 Aprili 1336, mshairi wa Italia aitwaye Petrarca alipanda mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, na mwenyewe aliandika kwamba alisukumwa na hamu ya kuona tu. Alikuwa amechukua kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Augustino. Alipokifungua kule juu, macho yake yaliangukia maneno yawalaumu watu waendao kuistaajabia milima huku wakijisahau wenyewe. Akaona haya, akateremka kimya, akiitazama nafsi yake badala ya nchi.

Sisi twamheshimu Petrarca, lakini twadhani jibu lake ni nusu ya jibu. Yeye aliacha kutazama nje ili atazame ndani. Lakini kati ya mlima ulioko nje na nafsi iliyoko ndani yuko mtu wa tatu, naye ni jirani akaaye bondeni. Huyo hakutajwa. Nasi tusingalimkumbuka, kama mzee yule asingalisema neno la pili.

Maana hatujawaeleza yote. Baada ya kunyamaza kitambo, mzee alitunyoshea fimbo upande wa mji, akauliza, "Kutoka kule juu, mliona mahali ilipokuwa nyumba yangu?"

Lo! Tulikuwa tumeona. Tulikuwa tumesimama juu na kuutazama mkondo wote wa tope, toka penye kovu la mlima mpaka mjini, na kijana mmoja alikuwa amepiga picha. Tuliona njia yote ya maafa kwa mtazamo mmoja, jambo ambalo mzee huyu hajapata kuliona kwa macho yake. Lakini nyumba yake hatukuijua. Tuliona yote, wala hatukumwona mtu hata mmoja.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo tulipoanza kuelewa kwamba kilele humpa mtu vitu viwili kwa pamoja, kimoja chema na kingine cha hatari.

Kilicho chema ni kwamba kilele huonyesha jinsi vitu vilivyoungana. Aliye bondeni aona mto wake na shamba lake. Aliye juu aona kwamba msitu, mkondo, shamba na mji ni mwili mmoja, na kwamba litendekalo juu humfikia alalaye chini. Hatusemi kwamba shoka la mtu ndilo lililoumegua mlima. Hatuna haki ya kuwatwika wafiwa mzigo wa namna hiyo. Twasema tu kwamba mtu aliyekwisha kuona mambo haya kwa macho yake hawezi tena kukata mti au kujenga nyumba kana kwamba yuko peke yake duniani. Faida hii ni ya kweli, nayo yastahili jasho la siku moja.

Cha hatari ni kwamba kutoka juu watu hutoweka. Mji mzima hufunikwa kwa kiganja cha mkono. Machozi hayaonekani kutoka mita 3,400, wala majina hayasikiki. Na mtu akizoea kutazama hivyo, huanza kuidhania nchi kuwa tupu.

Nchi ile ile ya Hanang yatupa mfano. Kuanzia miaka ya 1970 ilitengwa ardhi kubwa katika nyanda za Basotu, ikafika kiasi cha ekari 100,000, kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma, kwa msaada wa Kanada. Kusudi lilikuwa jema: Taifa lilihitaji mkate. Na hapana shaka kwamba katika ramani, ambayo nayo ni kilele cha namna yake, uwanda ule ulionekana mpana, mtambarare, usio na kazi. Lakini kwa Wabarabaig ulikuwa malisho bora ya ng'ombe wao, na ulikuwa na bung'eda, yaani vichuguu vya makaburi ya wazee wao walioheshimiwa. Walilalamika kwamba trekta zilipita hata juu ya makaburi hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walilipeleka shauri lao mahakamani miaka ya 1980; walishinda katika Mahakama Kuu, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani. Hatutaki leo kuihukumu kesi iliyokwisha. Twataka kusema neno moja tu: waliopanga hawakuwa lazima watu wabaya. Walitazama kutoka juu, wala hawakuteremka mapema kuuliza, "Hapa pana nani?"

Injili nayo yatukumbusha kwamba ni mjaribu aliyempandisha Bwana wetu juu ya mlima mrefu, akamwonyesha milki zote za ulimwengu kwa mara moja. Milki zilionyeshwa zote. Mtu hakuonyeshwa hata mmoja.

Basi, je, vijana wetu wasipande? Sivyo. Wapande, na wafurahi. Nchi iliyofiwa haikukatazwa furaha. Watu wa Katesh wenyewe walirudia masoko yao, shule zao na arusi zao. Twakubali kwamba mtu aweza kupanda kwa ajili ya kuona tu, na kuona ni chema. Lakini yatupasa kusema kwamba safari ya mlima haiishi kileleni, wala haiishi pale mtu avuapo viatu. Huisha pale mtu aliyeona kutoka juu akaapo chini na mtu wa bondeni, akamwuliza ni nini kile alichokiona. Apandaye na afuate mwongoza njia, asiwashe moto msituni, asiache takataka, awaheshimu wale ambao mlima ni mahali pao pa sala. Na akirudi, asipite mbio mbele ya mlango wa mfiwa.

Neno hili ni kwa wapanda milima, na ni kwetu sote tulio na kilele chetu: mzazi mbele ya watoto, mwalimu mbele ya darasa, mkuu wa ofisi mbele ya majalada, mwandishi mbele ya karatasi yake. Kila mmoja wetu aona wengi kwa mara moja, na kila mmoja wetu aweza kuwakosa wote.

Kesho yake asubuhi tulirudi kwa yule mzee. Alituchukua polepole, kwa sababu ya goti lake bovu, mpaka penye mawe na mchanga, akasimama. "Hapa," akasema. Kisha akageuka na fimbo yake, akaanza kutuonyesha: hapa alikaa fulani na wanawe, pale fulani, kule mjane fulani. Aliwataja wote kwa majina, mmoja mmoja, nasi tulisikiliza kofia mkononi mpaka alipokwisha.

Tukipanda tena, tutajua pa kutazama.