Je, Tumeamriwa Kujua Yote?

Siku hizi wachungaji tunaletewa karatasi za maabara. Zamani mgonjwa alituambia tu kwamba anaumwa, tukaomba naye. Leo anafungua mkoba, anakunjua karatasi na kutuonyesha namba kwa kidole. Kwa kina mama waliotibiwa saratani ya matiti, namba hiyo mara nyingi ni ya kipimo cha damu kiitwacho CA 15-3. Wanachotuomba ni kwamba tuombe ishuke.

Ombi hilo si baya, na tumeliomba mara nyingi. Lakini ndani yake kuna swali ambalo hatuna budi kulitazama kama Kanisa: je, Mkristo anawajibika kujua kila kinachoweza kujulikana juu ya mwili wake? Na akisema, "Hicho sitaki kukijua sasa," je, amepungukiwa imani, au amepungukiwa akili?

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu wengi wetu tunakiamini kuliko madaktari wanavyokiamini. Chembe za titi zina protini fulani kwenye uso wake, na vipande vya protini hiyo huingia katika damu. Saratani ikiwa imesambaa, mara nyingi vipande huwa vingi. Maabara nyingi huweka mpaka wa kawaida kwenye 30 hivi. Lakini ugonjwa wa ini nao unaweza kuipandisha namba, hata uvimbe wa titi usio saratani unaweza. Tena wanawake wengi wenye saratani changa huonekana wako kawaida kabisa, ndiyo maana kipimo hiki hakifai kutafutia ugonjwa kwa mtu ambaye hajagunduliwa. Kazi yake hasa ni kumsaidia daktari kufuatilia dawa kwa mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa, tena pamoja na picha na hali ya mgonjwa mwenyewe. Kwa mwanamke aliyemaliza matibabu na asiye na dalili yoyote, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kimeshauri kwa miaka mingi kwamba alama hizi zisipimwe kwa mazoea. Aonane na daktari, achunguzwe, apigwe mamogramu kila mwaka.

Msomaji atauliza: kuna hasara gani kujua mapema? Sisi pia tuliuliza hivyo. Mwaka 1994 zilichapishwa tafiti mbili za Italia. Wanawake waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti waligawanywa: wengine walifuatiliwa kwa uchunguzi wa kawaida na mamogramu, wengine wakaongezewa picha za kifua na za mifupa kwa ratiba. Baada ya miaka kadhaa, idadi ya waliofariki katika makundi hayo haikutofautiana. Kuuona ugonjwa mapema hakukuwaongezea maisha. Kuliwaongezea tu muda wa kuishi wakijua. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa damu hasa. Walihesabu chembe za saratani zinazoelea katika damu ya wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa. Pale ambapo chembe hazikupungua baada ya dozi ya kwanza ya tibakemikali, baadhi yao walibadilishiwa dawa mara moja, bila kusubiri. Damu ilisema kweli, kwani wale ambao chembe zao hazikupungua walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini kubadilisha dawa mapema hakukuwafanya waishi zaidi.

Hatusemi kwamba itakuwa hivyo daima. Mwaka 2022 Wafaransa walionyesha kwamba kwa wanawake wenye saratani iliyosambaa ya aina inayolishwa na homoni, badiliko fulani la vinasaba likionekana katika damu, na dawa moja ikabadilishwa hapo hapo, ugonjwa hutulia kwa karibu miezi 12 badala ya 6 hivi. Hapo damu ilisema jambo, na kulikuwa na jibu la kulipa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye tofauti. Kabla ya kutoa mkono uchomwe sindano, swali la kumwuliza daktari ni hili: "Namba ikipanda, utafanya nini ambacho usingefanya isipopanda?" Akiwa na jibu, tupime. Akisema, "Tutasubiri tuone," basi mgonjwa ana haki ya kusubiri bila namba.

Tunamfahamu mama mmoja ambaye watoto wake walioko mjini walikuwa wakimlipia kipimo hiki kila baada ya miezi 3. Namba ikatoka 22 ikafika 33. Alipigwa picha za kifua, ini na mifupa, hakikuonekana kitu, akaambiwa arudi. Katika miezi ile aliacha kwaya. Shamba hakulipanda, kwa nini apande asichokivuna? Akawagawia wakwe zake vitenge vyake vyote. Aliporudi namba ilikuwa 26. Hakuwa ameumwa hata siku moja, lakini msimu mzima wa mvua ulikuwa umempita akiwa kama marehemu anayetembea. Watoto walilipa kwa upendo, wala hatuwalaumu. Ila tunajiuliza kipimo kile kilikuwa kinamtibu nani. Mtoto aliye mbali na mama yake anateswa na kutofanya kitu, na risiti ya maabara humpa usingizi. Mzigo wa kuisoma karatasi hubaki kwa mama.

Usharikani nako maneno hayakukosekana. Mmoja alimwambia kwamba kwenda kupima ni kumjaribu Mungu. Mwingine akamwambia kwamba kuogopa majibu ndiko kukosa imani. Wote wawili wanahitaji kumsikia Martin Luther, ambaye mwaka 1527, tauni ilipofika Wittenberg, aliandika kuhusu swali la kukimbia au kubaki. Yeye alibaki. Lakini aliwakemea wale waliodharau dawa wakidhani huko ndiko kumtumaini Mungu. Kwake dawa ni kipawa cha Mungu, na kuikataa ndiko kumjaribu. Luther huyo huyo, akieleza amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa, anafundisha kwamba kile ambacho moyo unakiegemea ndicho mungu wa mtu. Kwa hiyo dawa tuipokee kwa shukrani, nayo namba isikalie kiti kisicho chake. Mtu anayeamka furaha au huzuni yake ikiwa imeandikwa na maabara amekwisha kupata bwana mwingine, hata kama anaimba kwaya.

Mfalme Hezekia alipewa kujua. Isaya alimwambia kwamba atakufa, naye akageukia ukuta, akalia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Pale pale nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikwenda pamoja, wala hakuna aliyeona ajabu. Wachache hupewa kuijua namba kwa uhakika kama yeye. Je, ilimfanya awe na hekima? Wageni walipokuja kutoka Babeli aliwaonyesha hazina yake yote, na Manase, aliyetawala akiwa na umri wa miaka 12, alizaliwa ndani ya miaka hiyo hiyo ya nyongeza. Tukipiga hesabu hiyo tunaona kwamba hata ufunuo wa kweli kabisa haumfundishi mtu namna ya kuishi.

Hata hivyo tusimfanye kila anayetaka kujua kuwa mwoga. Yuko anayelala vizuri zaidi akijua. Yuko mwenye kiwanja kisicho na hati na watoto wadogo, naye ana haki ya kuambiwa kweli yote. Pia kuna kipimo cha damu cha namna nyingine kabisa, kile cha urithi, kinachotazama jini ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Hicho hakisemi habari za mgonjwa peke yake. Dada zake na binti zake wamo ndani ya karatasi ile, na kwao yapo ya kufanya: uchunguzi wa mapema zaidi, hata upasuaji wa kujikinga. Mama mwenye majibu hayo anaweza kunyamaza juu ya nafsi yake. Juu ya binti yake hatuoni kwamba ana uhuru ule ule, ingawa anaweza kuhitaji muda, na mtu wa kukaa naye siku ya kusema.

Yako pia mambo ya fedha, na hapa tutasema wazi. Mfuko wa diakonia huombwa kuchangia vipimo. Mara nyingi anayeomba ana watu wa kumsemea. Asiye na watu ni yule aliyeandikiwa mionzi ya wiki kadhaa katika hospitali ya mbali, akaenda siku chache, nauli ikaisha, akarudi nyumbani. Yeye hana karatasi ya kutuonyesha. Kwa wazee wa kanisa wanaokaa kugawa kidogo kilichopo, sisi tungeshauri wamtafute huyo kwanza, wamuulize alifikia siku ya ngapi, wampigie daktari wake simu kujua kama nafasi yake bado ipo, na wampe nauli ya kwenda na kurudi pamoja na fedha ya mahali pa kulala.