Deni la Breki

Breki ya baiskeli ni wajibu wa nani: mwenye kuipanda, fundi, au bahati? Yamkini msomaji ataliona swali hili kuwa dogo mno kwa mizani ya maadili. Na tulipime.

Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ndipo Kamoya Kimeu alipookota mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Katika magharibi hiyo hiyo, mahali paitwapo Lomekwi, zimepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3, habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Zana ya jiwe ina adabu moja: mkono ukiacha, nayo huacha. Baiskeli haina adabu hiyo. Ukiacha kukanyaga, yenyewe huendelea kwenda, na mwendo huo wa ziada humhusu mtoto avukaye njia, na mbuzi, na abiria aliyeketi kwenye keria.

Yuko atakayesema kwamba nchi hii ni tambarare, na mchanga wenyewe ni breki. Ana nusu ya ukweli. Mchanga mzito huzuia gurudumu. Lakini mchanga uo huo ukinata kwenye ringi huzisaga raba za breki. Tena lami ya kati ya Lodwar na Kakuma haina mchanga wa kumwokoa mtu.

Kazi yenyewe yataka spana na subira. Raba iliyolika hutolewa pamoja na mwenzake, ringi hupanguswa, na raba mpya hukazwa iibane ringi bila kugusa tairi, kwa maana ikigusa tairi huikata. Nafasi ya milimeta mbili au tatu yatosha. Katika baiskeli nyingi za kale raba hukaa ndani ya ala ya chuma iliyo wazi upande mmoja. Upande uliozibwa sharti uelekee kule ringi izungukiako. Ukigeuzwa, breki huonekana njema wakati baiskeli imesimama. Siku utakapoishika kwa nguvu, raba huchomoka.

Basi jicho la abiria haliwezi kuitenga kazi njema na kazi mbaya. Yeye hulipa nauli, na juu ya nauli huweka imani. Kiti kikilegea, mwenye baiskeli ndiye aumiaye. Breki ni sehemu aliyowekewa amana na watu asiowajua.

Je, maskini asiye na fedha ya raba ana hatia? Umaskini si hatia. Lakini abiria yu mbele yake, na aweza kumwambia kabla hajapanda kwamba breki imelika. Ni neno gumu, kwa kuwa huenda nauli ile ndiyo chakula cha jioni cha watoto. Hata hivyo sioni ni kwa haki gani njaa ya mmoja ikope mguu wa mwingine bila kumwuliza. Akiambiwa, abiria aweza kutembea kwa miguu. Aweza pia kupanda, akijua.