Wajibu wa Kusahau

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatufundisha kuandika na kutunza. Lakini je, ndugu msomaji, hakuna wakati ambapo wajibu wetu ni kufuta tulichoandika?

Tuitazame seva, ile kompyuta inayohudumia tovuti. Itifaki ya HTTP, inayopokelea maombi ya watu, haina kumbukumbu: kila ombi huja kama mgeni asiyepata kuonekana. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki, yaani maandishi mafupi ambayo seva hukipa kivinjari, nacho huyarudisha kila kinapobisha hodi. Katika mfumo wa Django, kwa mfano, habari za mgeni huwekwa katika hifadhidata. Mgeni hubeba alama tu ya herufi na tarakimu. Huo ndio huitwa kipindi chake.

Hapa ndipo penye fumbo. Seva haimtambui mtu, huitambua alama. Mstaafu aliyetazama habari za pensheni yake kwenye kompyuta ya watu wote, akaondoka bila kubonyeza "toka", amemwachia anayekalia kiti kile funguo zake. Fundi asipobadili kitu, Django huihesabu alama hiyo kuwa halali kwa majuma 2. Na hata muda ukiisha, kumbukumbu hubaki katika hifadhidata mpaka mwenye mfumo aagize zifagiliwe.

Wako watakaosema mzee alaumiwe kwa uzembe wake. Sikatai kwamba ana sehemu yake. Lakini yeye hakuulizwa majuma yawe mangapi. Aliyeamua ni fundi, na mwenye uwezo wa kuamua ndiye mwenye mzigo mkubwa. Wengine watasema muda mfupi huwachosha watu. Ni kweli, basi na upimwe kwa uzito wa siri: gazeti laweza kukumbuka kwa majuma, benki kwa dakika.

Sisi walimu twalijua jambo hili. Daftari la makosa ya wanafunzi lina manufaa yake, ila mwalimu anayelifungua kila mwaka mbele ya kijana aliyekwisha kujirekebisha hamfundishi, anamfunga. Siri ya mtu ni amana, na amana ina mwanzo na mwisho. Tunakumbuka ili tumhudumie mtu. Huduma ikiisha, kusahau ni kumheshimu.